Lita Mia Sita na Ishirini

Saa tatu na robo asubuhi ya Alhamisi, Inspekta alisimama kwenye geti la kiwanda cha mvinyo akinuswa na mlinzi. Hakupekuliwa, alinuswa. Mlinzi alimzunguka mara moja, akainama karibu na viganja vyake, akarudi kibandani na kuandika kitu daftarini.

"Sabuni ya ndimu," alisema. "Nawa tena kwa maji matupu, bomba lile pale. Fundi hataki harufu ndani."

"Mimi ni polisi."

"Hata Bimkubwa mwenye kiwanda ananawa, mama. Mwaka jana Fundi alimrudisha nyumbani Mpimaji wa maabara kwa ajili ya mafuta ya nywele. Alimnusa kutoka kule kwenye mizani, na upepo ulikuwa unavuma kwenda upande mwingine."

Inspekta akanawa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye mkoba mkubwa na subira ndogo, na maisha yake yote alikuwa hajawahi kunywa kitu kikali kuliko chai ya rangi. Nyuma yake alikuja Koplo, mtu mzima mwenye tumbo lake na wajukuu wawili. Huyu alinuswa muda mrefu zaidi, na mlinzi akaandika mistari mitatu.

Bimkubwa aliwapokea ofisini akiwa wima. Alikuwa mjane aliyerithi kiwanda na hasira ya kukiendesha, na aliieleza kesi kama anayemsomea mtu mashtaka.

"Kila mwaka tunatengeneza mvinyo mmoja unaobeba jina la nyumba hii. Ni mwekundu, ndani yake tunatia mweupe kidogo ili uchangamke. Kidogo kiasi gani, hiyo ndiyo kazi ya Fundi. Jumanne asubuhi amechanganya tangi zima, lita elfu sita. Jana mchana mnunuzi kaja, kaonja, kaiweka glasi mezani, kaniambia haya ni maji ya maua. Kaondoka. Atarudi kesho saa tano kwa heshima ya marehemu mume wangu, asipoona kitu, basi tena."

"Labda Fundi alikosea," alisema Inspekta.

"Fundi hakosei. Miaka thelathini na moja hajakosea. Kwa hiyo amefanya makusudi." Bimkubwa akagonga meza kwa kidole. "Chumba cha matangi kina funguo tatu. Ya kwake, ya Mpimaji, na ya mtu wa matangi tunayemwita Koki. Hao wawili amewafundisha yeye, bila yeye hawapumui. Halafu ameonekana mara tatu ng'ambo ya mto, mtaa uleule wa kiwanda cha washindani wetu. Nimemuuliza, kaniambia alikwenda kununua viatu. Mara tatu, viatu."

"Na vilinunuliwa?"

"Mtazame miguuni mwenyewe."

Mezani palikuwa na barua iliyopigwa chapa, bado haina sahihi. Inspekta aliisoma ikiwa kichwa chini, kwani ndivyo alivyozoea kusoma barua za watu. Neno moja lilikuwa limepigiwa mstari: mhujumu.

"Saa kumi naitia sahihi," alisema Bimkubwa. "Ikitoka na neno hilo, hakuna meza ya mvinyo itakayompokea mpaka anakufa. Nimekuita ili kesho na keshokutwa mtu asiniambie nimemwonea. Una mpaka saa kumi kuniletea jina jingine."

"Na nikikuletea jina lilelile?"

Bimkubwa alitazama dirishani. "Basi utakuwa umefanya kazi yako," alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeitaka kazi hiyo ifanyike.

Chumba cha matangi kilikuwa kirefu, cha baridi, sakafu yake imetoka kuoshwa. Koki aliwatembeza. Alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka arobaini hivi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana naye, na kila alipopita penye tangi alilipapasa kidogo, bila kujijua.

Mambo yalikuwa mepesi kueleweka, na Inspekta alishukuru. Tangi la mvinyo mweupe lilikaa juu ya jukwaa. Tangi la mchanganyiko lilikaa chini yake. Kati yao palikuwa na bomba moja na koki moja; ukiifungua, mweupe unateremka wenyewe. Kila tangi lilikuwa na mrija wa kioo ubavuni wenye alama za lita, ili mtu aone ndani mmebaki kiasi gani.

"Mstari huu wa chaki ni wa nani?" aliuliza Inspekta.

"Wangu. Jumanne saa nne asubuhi, baada ya Fundi kumaliza kuchanganya. Hapo ndipo mweupe ulipoishia."

Inspekta alivaa miwani, akapanda jukwaani, akahesabu alama kutoka kwenye chaki mpaka pale mvinyo ulipo sasa. Akahesabu tena. Akashuka, akahesabu kwenye tangi la chini.

"Huku zimepungua lita mia sita na ishirini. Kule zimeongezeka lita mia sita na ishirini."

"Haiwezekani ikawa mia sita," alisema Koki.

Inspekta aliandika sentensi hiyo daftarini kama ilivyosemwa, neno kwa neno. Kisha akauliza jambo jingine kabisa, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia.

"Baada ya kuchanganya, nani huwa anaonja?"

"Kila mwenye ufunguo anachota glasi moja. Tunaiita glasi ya saa nne. Ukishaonja, umeonja. Baada ya hapo tangi halichotwi mpaka siku ya mnunuzi. Mvinyo uliochanganywa unapumzika, mama. Ukiuchokonoachokonoa, unakasirika."

"Na koki hii ikifunguliwa, kwa dakika moja zinateremka lita ngapi?"

"Hamsini. Fundi katufundisha. Hamsini kamili."

Inspekta alipiga hesabu pembeni mwa ukurasa. Dakika kumi na mbili na sekunde ishirini na nne. Hesabu hii haikumpendeza hata kidogo. Anayetaka kuharibu tangi hufungua koki akaenda zake, na hapa mweupe ungemwagika wote mpaka sakafuni. Anayeiba naye anatoa, haongezi. Nani huyu mharibifu anayesimama na saa mkononi?

Wakati anawaza hayo palisikika kishindo cha maji. Koplo, aliyekuwa anarudi kinyumenyume ili aone tangi lote kwa mara moja, alikuwa ameingia miguu yote miwili kwenye mfereji wa maji machafu, mpaka kwenye vifundo.

"Niko salama, Afande," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Ofisi ya Fundi ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha moja, kisicho na kalenda, maua wala wino wenye harufu. Fundi mwenyewe alikuwa na miaka sitini na kitu, kichwa cheupe, koti jeupe, viatu vya zamani kabisa. Alikaa wima. Mpimaji wa maabara, mwanamke wa miaka thelathini na mitano mwenye nywele fupi zisizopakwa chochote, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake na trei ya chupa ndogo za sampuli, na hakuonyesha dalili ya kutoka.

"Mzee wangu," alianza Inspekta, "umesikia unavyosemwa?"

"Nimesikia."

"Umemwaga mweupe kwenye tangi baada ya glasi ya saa nne?"

"Bimkubwa ameshaamua," alisema Fundi. "Kwa nini umjibu mtu aliyekwisha kujijibu?"

"Aliyeuliza ni mimi."

"Wewe umetumwa."

Ndivyo walivyoendelea, na Inspekta alikuwa anaanza kuchoka na mzee huyu, pale Koplo alipoomba radhi, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango na kuvua viatu. Vilikuwa vimelowa chapachapa. Akavua na soksi.

Mambo mengine hayaelezeki kwa adabu, basi tuseme tu kwamba viatu vile vilikuwa vya ngozi, vya miaka sita ya doria, na maji ya mfereji yaliamsha vyote vilivyolala ndani yake. Mpimaji alirudi nyuma hatua mbili na kuziba pua kwa kiwiko, trei ikatikisika. Koki, aliyekuwa amechungulia mlangoni kuleta ufunguo, alikumbuka kazi ya haraka mahali pengine. Inspekta, aliyefanya kazi na Koplo miaka kumi na moja, alifungua dirisha akatoa kichwa chote nje.

Alipokirudisha, Fundi alikuwa bado amekaa wima, ametulia, mita moja kutoka kwenye soksi. Alikuwa anamtazama Koplo kwa huruma.

"Vua vizuri ukaushe," alisema Fundi. "Miguu ikilala na maji unapata mafua."

Inspekta alimtazama mzee huyo. Akamtazama Mpimaji juu ya kiwiko, akaona macho ya mwanamke yamejaa woga, woga ambao haukutoka kwenye viatu. Akaandika neno moja daftarini, akafunga.

"Ng'ambo ya mto," aliuliza, "mtaa ule, mbali na kiwanda cha washindani, kuna nini kingine?"

Mpimaji ndiye aliyejibu, haraka kupita kiasi. "Maduka ya viatu."

Koplo alitumwa ng'ambo ya mto peku, kwa gari la kiwanda, madirisha wazi. Inspekta naye alimfuata Mpimaji maabara, akafunga mlango.

"Mimi sinywi," alisema. "Sijui mvinyo mzuri ni upi. Nifundishe, kwa sababu siwezi kutafuta kilichoharibika nisichokijua kikiwa kizima."

Mpimaji alionekana kuona ahueni kwa kuwa hakuulizwa lingine. Akapanga glasi nne mezani na beseni ya kutemea.

"Hii nyekundu tupu. Usimeze. Izungushe kinywani, uteme."

Inspekta alizungusha. Ufizi ukamshika, ulimi ukakauka kama aliyeng'ata ndizi mbichi. Akatema kwa furaha.

"Huo ni ukakasi," alisema Mpimaji. "Ndio mifupa ya mvinyo mwekundu. Una uzito, una rangi, unakaa. Lakini ukiwa peke yake unamkaba mtu. Sasa hii, nyeupe tupu."

Nyeupe ilikuwa jambo jingine. Harufu ilitangulia, maua na ganda la ndimu, kisha uchachu ukaruka puani. Baada ya kutema, hakuna kilichobaki. Ilikuwa imeshakwenda zake.

"Mweupe una harufu na uchangamfu, hauna pa kukaa," alisema Mpimaji. Akachukua bomba la kupimia, akachanganya nyekundu na nyeupe kidogo sana, kidogo hata Inspekta akadhani anatania. "Sasa hii."

Inspekta alizungusha, akasubiri ufizi umshike. Ukamshika, lakini kwa adabu. Harufu ya maua ilikuwepo, kwa nyuma, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Uchachu ulikuwepo ukimwagia mate pale ukakasi ulipokausha. Alitafuta kipi ni kikubwa, hakukipata. Akasahau kutema.

"Kila kimoja kinampisha mwenzake," alisema Mpimaji taratibu, na uso wake ukabadilika kabisa, alipendeza. "Ukakasi upo, hauumi. Uchachu upo, haujitangazi. Ukiona unakisia kilichomo, uwiano umepatikana. Ukiona unakijua mara moja, kimezidi."

"Kama kikao cha ukoo ambacho hakuna aliyepaza sauti," alisema Inspekta.

"Umewahi kukiona?"

"Sijawahi. Ndiyo maana nataka kuonja tena."

Glasi ya nne ilitoka kwenye tangi lenyewe. Harufu ilikuja nyingi, ikajaa pua, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Ilikuwa nyepesi, inakimbia, mifupa yote imelainika. Hata Inspekta wa chai ya rangi alielewa kwa nini mnunuzi aliondoka.

"Mweupe umezidi," alisema.

"Umezidi sana."

"Na Jumanne, kwenye glasi ya saa nne, uwiano ulikuwaje?"

Mkono wa Mpimaji ulisimama juu ya glasi. "Kama kawaida ya Fundi," alisema.

Mlango ukafunguliwa. Koplo alikuwa amerudi, miguu kwenye kandambili za kuazima, na kikaratasi mkononi. Aliziona glasi nne zenye mabaki, akaomba kujua kama ni ushahidi, akaambiwa si ushahidi tena. Akazimaliza moja baada ya nyingine.

"Beseni hiyo ni ya kutemea," alisema Mpimaji.

"Mama yangu alinifunza nisiteme mbele za watu," alijibu Koplo kwa heshima, akampa Inspekta kikaratasi. Mtaa ule ulikuwa na kiwanda cha washindani, duka la vitasa, na zahanati. Hapakuwa na duka la viatu hata moja. Na kwenye kibao cha zahanati yalikuwepo maneno haya: daktari wa masikio, pua na koo.

Saa nane na nusu, Inspekta aliwaita Koki na Mpimaji kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi. Akawaketisha ncha mbili za meza ndefu, migongo ikitazamana, akampa kila mmoja kipande cha karatasi na penseli. Koplo alisimama katikati kuhakikisha hakuna anayeibia. Alisimama vizuri, ingawa alishika kiti.

"Swali ni moja," alisema Inspekta. "Glasi ya saa nne ya Jumanne ilipungukiwa na lita ngapi za mweupe? Usiandike kingine."

"Haikupungukiwa," alisema Koki.

"Andika."

"Mama, Fundi hakosei," alisema Mpimaji.

"Fundi hanusi," alisema Inspekta. "Amepoteza pua, na nyinyi wawili mnajua. Saa kumi anafukuzwa kwa jina la mhujumu. Mkitaka kumficha, endeleeni kumficha, mtamzika na jina hilo. Andikeni."

Penseli zikasikika. Koplo alikusanya karatasi, akazisoma moja moja kwa mbali na kwa karibu, akampa Inspekta. Ya Koki: 200. Ya Mpimaji: 200.

Wote wawili waligeuka, wakatazamana kwa mara ya kwanza.

"Wewe pia?" aliuliza Koki.

Yaliyofuata yalitoka yenyewe, hata Inspekta hakuhitaji kuuliza. Miezi mitatu nyuma Fundi aliugua homa ya wiki mbili. Aliporudi, Mpimaji aliona amekiacha kitambaa chenye spiriti juu ya meza yake mchana kutwa. Koki naye aliona anaonja maji ya kuoshea tangi na kutikisa kichwa kama anayefikiri. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kuchanganya kulikuwa mara moja kwa mwaka, na mchanganyiko wa Jumanne ndio ulikuwa wa kwanza tangu homa. Fundi aliuchanganya kwa kumbukumbu.

"Nilipoonja ufizi ukanikamata," alisema Koki. "Nikasema, leo mzee anaaibika. Saa saba wenzangu wakiwa wanakula nikafungua koki dakika nne. Wala mrija sikuutazama tena. Mwizi gani anakwenda kutazama ushahidi wake?"

"Mimi saa kumi jioni," alisema Mpimaji. "Dakika nne. Nilitaka kuonja baada ya hapo, lakini tangi halichotwi. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuwekea sheria hiyo."

"Kwa hiyo wa pili alimtibu mgonjwa aliyekwisha kupona," alisema Inspekta. "Na wote kwa dozi ileile."

"Katufundisha mtu mmoja," alisema Mpimaji, akaanza kulia.

Koplo alikuwa anahesabu kwa vidole, na uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu aliyekunywa glasi nne kabla ya chakula. "Mia mbili na mia mbili, Afande, ni mia nne. Tuna mia mbili na ishirini hazina mwenyewe. Na huyu wa tatu ana mkono mzito."

Ufunguo wa tatu ulikuwa wa mtu mmoja tu. Inspekta alimkuta Fundi peke yake ofisini, anafunga vitu vyake kwenye boksi: glasi, koti la akiba, kofia.

"Nani alikuonjea?" aliuliza Inspekta.

Mzee aliweka kofia chini.

"Mke wangu. Glasi yangu ya saa nne niliitia kwenye chupa, nikampelekea nyumbani. Hajui mvinyo, lakini ana kinywa. Akaniambia, mume wangu, umekusudia kuwakausha watu mate? Akaeleza panapouma. Nikajua zinatakiwa mia mbili. Jana alfajiri, kabla hawajafika, nikaziteremsha."

"Mia mbili na ishirini."

"Ishirini ni zake. Anapenda mvinyo mwepesi, na kwa kweli alinisaidia." Akajaribu kucheka, hakuweza. "Nimeogopa miezi mitatu, mama. Ninaamka, naweka kahawa puani, sisikii kitu. Mtu mwingine akipoteza pua anapoteza nini? Mimi nimepotea mzima. Halafu nimeliharibu tangi kwa mkono wangu, hata sijui nimeliharibu vipi, kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi."

"Hesabu ilikuwa sahihi," alisema Inspekta. "Ilikuwa sahihi mara tatu. Nyanyuka, twende."

Saa kumi kasoro dakika kumi, wote walikuwa wamesimama mbele ya meza ya Bimkubwa, na Inspekta alisema yote kwa mpangilio: nani, saa ngapi, dakika ngapi. Alipofika penye Mpimaji, Fundi aligeuka kumtazama. Alipofika penye Koki, Fundi akageuka upande wa pili. Koki alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mlijua," alisema Fundi.

"Mwalimu, tusamehe," alisema Koki.

"Wote wawili mkajua, na kila mmoja akanificha kivyake." Mzee alikuwa hana la kufanya na mikono yake. "Na mkapata mia mbili. Wewe mia mbili, na wewe mia mbili."

Bimkubwa alikuwa ameishika barua. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa na mtu wa kumwendea. "Nilikuwa namfukuza mhujumu," alisema. "Sina mhujumu. Nina watu watatu waliotaka kunisaidia, kesho saa tano sina mvinyo, na fundi wangu mkuu hanusi. Hilo la mwisho haliitwi hujuma, lakini bado ni sababu. Nani atanitengenezea tangi hili?"

Mpimaji alikuwa ameshachukua penseli, anapiga hesabu nyuma ya karatasi yake ya mia mbili, ambayo Inspekta alikuwa ameiweka mezani kama ushahidi.

"Toeni nusu ya tangi, muiweke kando," alisema Fundi, akiwa anatazama ukuta. "Nusu inayobaki muijazie nyekundu ya tangi la tatu. Lita elfu mbili na mia nne, kasoro kidogo."

Penseli ya Mpimaji ilikimbia, ikagawanya, ikafuta, ikagawanya tena. Wote walisubiri.

"Elfu mbili mia tatu tisini na nne," alisema.

Bimkubwa aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akaiweka barua katikati ya meza na kalamu juu yake. "Leteni hicho kiasi kwenye glasi, hapa, sasa hivi. Kikiwa sawa, mzee anabaki kwenye meza yake, na nyinyi wawili mtakuwa pua yake, kwa uwazi, mkimwambia kila kitu. Kisipokuwa sawa, natia sahihi, na neno lile nitalibadilisha."

Koki alikimbia. Akarudi na chupa mbili, Mpimaji akapima kwa mililita. Akajaza glasi tano na kuzigawa. Bimkubwa akaonja. Koki akaonja. Mpimaji akaonja, akafumba macho. Inspekta alionja, akasubiri ufizi umshike kwa adabu, ukamshika. Fundi naye alionja, kwa sababu glasi ilikuwa mkononi mwake, lakini hakuna lililotokea usoni pake. Chumba kizima yeye peke yake ndiye hakujua. Alisimama anasoma nyuso za watu, moja baada ya nyingine, glasi ameibana kifuani.

Bimkubwa alimeza. Akaivuta barua, akaichana vipande vinne, akavitia kwenye kapu la taka, akageukia dirishani kwa sababu alikuwa hataki kuonekana.

"Imekubali?" aliuliza Fundi kwa sauti ndogo.

"Imekubali, Mwalimu," alisema Mpimaji.

Mzee aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, bila kukaribishwa. Machozi yalimshuka na hakuyafuta. Alimnyooshea Mpimaji ile glasi yake.

"Nieleze," alisema. "Usiruke kitu. Anza na harufu."

Mpimaji akavuta kiti, akaketi karibu naye, akaingiza pua kwenye glasi, akaanza kumweleza.